Mama, Mimi si Motari

Faranga elfu tatu ndizo nilizolipwa juzi pale Kasenyi, kwa noti za mia tano zilizochakaa hadi maandishi yamefifia. Kabla sijazikunja, mama aliyenilipa akanyoosha mkono tena.

"Rudisha moja. Hiyo ni ya somo."

Nikarudisha. Alikuwa amenifundisha, kuanzia Bogoro hadi chini ziwani, namna ya kuendesha pikipiki ninayoimiliki mwenyewe, na kwa maoni yake si haki elimu itolewe bure. Haya yalisemwa mbele ya wamotari wote wa pale, waliokuwa wamejilaza juu ya pikipiki zao, miguu kwenye usukani, wakisikiliza bila kukosa neno.

Mimi si motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria. Nalisema hapa kwa utulivu, kwa sababu siku ile kila nilipolisema nilijiongezea matatizo. Safari yangu ilikuwa ya matembezi: kutoka Rwambuzi, mtaa wangu hapa Bunia, asubuhi bila haraka, kupita Bogoro, kuteremka hadi Kasenyi, kula samaki, kutazama ziwa, kurudi. Hapakuwa na msiba, wala mgonjwa, wala deni la kudai. Nilitaka kufika mahali kwa sababu tu mahali hapo papo.

Kumbe kiti cha nyuma cha pikipiki, hapa kwetu Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, si cha mwenye pikipiki. Ni cha umma. Ukitoka Rwambuzi kikiwa wazi, mtoto wa shule anakinyooshea kidole, mama mwenye beseni la ndizi anakipigia makofi, na mzee aliyejitwika mlango mzima wa mbao anakikimbilia. Ukisimama kueleza kwamba hiyo si kazi yako, unaulizwa basi kazi yako ni ipi. Usiposimama unatukanwa, na matusi ya Bunia yana lugha za kutosha: yanaanza kwa Kiswahili, yanapita kwenye Kilingala, na la mwisho hutolewa kwa Kifaransa ili liwe rasmi.

Bariera ya kwanza ilikuwa kamba tu. Sitasema ni ipi. Ziko nyingi, msomaji achague. Unazima injini, unashuka, unasukuma pikipiki kwa mguu hadi mbele ya askari.

"Unaenda wapi?"

"Kasenyi."

"Kufanya nini?"

"Kutembea."

"Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu."

Akanitazama mimi, akatazama kiti, akanitazama tena. Hapo ndipo sura yake ilipobadilika.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimejituma."

"Ordre de mission iko wapi?"

Kwa asiyeijua, hiyo ni karatasi inayosema mkubwa fulani amekutuma mahali fulani kwa kazi fulani, chini pana sahihi, juu ya sahihi pana mhuri. Nikamweleza kwamba katika mambo ya kutembea sina mkubwa. Nikamwuliza kama ningeweza kujiandikia mwenyewe. Akalifikiria swali hilo kwa haki kabisa, kisha akasema hapana, mhuri ungetoka wapi. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja na mswaki mdomoni, akaniuliza maswali yaleyale kwa povu. Wakafungua kile kifuniko cha pembeni panapowekwa vifaa, wakakuta kitambaa na spana ya plagi. Niliona wamesikitika.

Wakati huo wote wamotari walikuwa wakipita: mmoja na abiria watatu, mwingine na nguruwe aliyelala kifudifudi, mwingine na magunia ya makaa yaliyomzidi kimo. Kila mmoja alitoa kilichotakiwa, akavuka, akawasha, akaenda. Hakuna aliyeulizwa kwa nini yupo. Mwishowe nami nikatoa kilichotakiwa, bila risiti, na askari akanisindikiza kwa ushauri niliodhani ni mzaha:

"Siku nyingine beba kitu."

Bogoro iko kilomita kama 25 kutoka Bunia, juu ya ukingo wa bonde la ufa. Hapo nchi inakatika. Mbele yako kuna mteremko, chini ya mteremko tambarare, na mwisho wa tambarare ziwa, ambalo asubuhi hulitofautishi na anga. Nilisimama kutazama, kwani si ndicho nilichokuja kufanya? Nilikuwa bado nimekaa juu ya pikipiki, miguu chini, nikahisi springi za nyuma zikishuka. Nikageuka. Mama alikuwa ameshakaa.

"Mama, mimi si motari."

"Naona," akasema. "Unavyoshika usukani tu naona. Lakini wengine wamekwisha kwenda."

"Hapana mama, nataka kusema kwamba mimi natembea tu."

"Na mimi natembea. Ngoja kwanza mzigo."

Mzigo ulikuwa gunia la maharage, mabeseni matatu yaliyoingizwa moja ndani ya jingine, na jogoo. Vijana wawili wakatokea, sijui wapi, wakaanza kufunga, na hapa naomba nikawie kidogo, maana miaka yote nimepishana na pikipiki zilizopakiwa na sikuwahi kujua kwamba ile ni elimu.

Kifaa ni kimoja: kauchu, yaani utepe mrefu uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu lililokwisha kazi. Kamba haifai. Kamba haivutiki, pikipiki ikiruka shimo, maharage yanajipanga upya ndani ya gunia, gunia linapungua unene, kamba inabaki pana, na baada ya kilomita moja chakula chako kiko barabarani. Kauchu hufungwa ikiwa imevutwa hadi karibu na kukatika, kwa hiyo mzigo ukipungua, yenyewe inarudi ikiufuata. Kijana mmoja huvuta akiwa ameegemeza mguu kwenye gunia, mwenzake anapokea upande wa pili, na fundo halifungwi: ncha inachomekwa tu chini ya mzunguko uliotangulia, inabanwa na nguvu yake yenyewe. Ukifika, unachomoa ncha moja na kila kitu kinafunguka.

Halafu kuna suala la ekseli. Uzito ukikaa mbele ya ekseli ya nyuma, magurudumu yote mawili yanagandamizwa. Ukivuka nyuma yake hata kwa shubiri moja, unaanza kuinua gurudumu la mbele, na hilo ndilo linaloamua mnaelekea wapi. Kwa kuwa gunia halina pengine pa kukaa ila nyuma, lazima mtu alipe deni hilo mbele, na mtu huyo ni dereva. Wamotari hawakai juu ya tangi kwa kukosa nafasi. Wao ni jiwe la upande wa pili wa mizani. Gunia halilazwi kwa urefu bali kwa upana, na kabla ya kulifunga hupigwa ngumi katikati ili maharage yagawanyike sawasawa kulia na kushoto. Vizito chini, vyepesi juu, vyenye roho mbele. Jogoo alining'inizwa kwenye usukani, miguu juu. Alipiga kelele mara moja, akatulia, akaanza kunitazama kwa jicho moja, na hakuliondoa hadi Kasenyi.

Mwishowe kijana akalishika gunia na kulitikisa kwa nguvu zake zote. Pikipiki nzima ikatikisika pamoja nalo, na mama juu yake, na mimi juu ya tangi. "Sawa," akasema. Gunia lingetikisika peke yake, angefungua vyote aanze upya. Nimeona madaraja yakizinduliwa kwa ukaguzi mdogo kuliko huo.

Tukaanza kuteremka. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kwenye mita 620 hivi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo barabara inaimaliza hapohapo chini ya Bogoro, kwa kona, kokoto na vumbi. Nikakanyaga breki ya nyuma, kama mtu yeyote mwenye akili.

"Achana na breki!"

Breki ya nyuma ya pikipiki nyingi za kwetu ni ya ngoma. Ndani ya kitovu cha gurudumu kuna viatu viwili vya breki. Ukikanyaga, vinatanuka na kuisugua ngoma kwa ndani. Kusugua ni joto. Kwa kusimama mara moja sokoni, joto hilo si kitu. Kwa mteremko mzima, ukiwa na mama, maharage, mabeseni na jogoo, ngoma inachemka, na chuma kikichemka kinatanuka, maana yake ngoma inavikimbia viatu vilevile vinavyotakiwa kuishika. Pedali inashuka zaidi ya ilivyozoea. Viatu navyo vikiungua vinateleza. Breki ya namna hii haikatiki ghafla ukapata angalau heshima ya ajali. Inaaga kidogokidogo, na harufu yake inawatangulia kwenye kona.

"Ingiza ya pili!"

"Mama, niko kwenye ya tatu, inatosha."

"Nimekuambia ya pili. Na klachi usiiguse, wewe, usiiguse! Funga gesi, acha injini ikamate."

Nikafanya hivyo kwa hofu tu, na injini ikakamata. Baadaye nimelitafakari jambo hili usiku kucha na bado linanifurahisha. Ukifunga gesi huku gia ikiwa imeingia, injini inanyimwa hewa lakini haiwezi kusimama, kwa sababu sasa gurudumu ndilo linaloizungusha. Kila pistoni inaposhuka kuvuta, inavuta hewa isiyokuwapo, na kazi hiyo ya kuvuta patupu inalipwa na mwendo wenu. Gia ikiwa ndogo, injini inazungushwa mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu, na malipo yanapanda. Ukibana klachi, umekata mkataba wote: injini inabaki inanguruma peke yake nanyi mnabaki na mlima. Na katika mpango huu wote hakuna kinachosuguana hadi kuungua.

Nilimwuliza mama alijifunzia wapi haya. Akasema hajawahi kushika usukani siku moja. "Nimepanda nyuma ya wote, kijana wangu. Wanaojua na wanaoanguka."

Mwisho wa mteremko kulikuwa na bariera nyingine. Nikazima, nikashuka, nikaanza kuandaa maelezo yangu. Askari akamsalimu mama kwa heshima, akamwuliza habari za watoto, akaligusa gunia, akapokea kilichotakiwa, akafungua kamba. Mimi hakuniangalia kabisa. Jina, karatasi, aliyenituma, hakuna alichouliza. Nilivuka pale kama waziri, na jogoo akining'inia kwenye usukani.

Kasenyi ndipo niliposhushiwa ile hukumu ya mia tano. Lakini haikuishia hapo. Kiongozi wa parkingi ya wamotari akainuka, akanikaribia taratibu, akaniuliza jile yangu, kile kizibao cha wamotari, iko wapi, na mimi ni wa parkingi gani.

"Papa, mimi si motari."

"Tumeona umelipwa."

Hoja hiyo haina jibu, nimeitafuta hadi leo. Nikamwomba mama anitolee ushahidi. Mama akaweka beseni chini, akasema kwa sauti ya kusikika hadi sokoni kwamba kweli mimi si motari, Mungu anajua, na kwamba tungekuwa tumekufa sisi sote na kuku. Wakapokea ushahidi huo, wakauongeza kwenye mashitaka: kubeba abiria bila kuijua kazi. Faini elfu tano. Kwa hesabu rahisi, nilimteremsha mama yule Kasenyi nikamlipia nauli elfu mbili na mia tano kutoka mfukoni mwangu.

Nilikula samaki. Alikuwa kapiteni, kwa pilipili na bugali wa muhogo, na nitakuwa mkweli, alistahili. Nikalitazama ziwa, sasa nikiwa na haki ya kulitazama kwa vile nilikuwa nimelilipia. Mwingereza Samuel Baker alifika upande wa pili mwaka 1864 akalibatiza jina la Albert, marehemu mume wa malkia wake. Baadaye Mobutu naye akalipa la kwake. Kulikuwa na wakati meli iitwayo Robert Coryndon ilivuka kutoka Butiaba, Uganda, hadi hapa Kasenyi, na watu walipanda wakiwa na kofia na viti vya kukunja, wakitembea tu, mpaka mafuriko ya miaka ya 1960 yalipoimaliza. Hata hivyo ziwa hili halijawahi kuwapenda sana watu wa matembezi. Januari 1954 mwandishi Ernest Hemingway, aliyekuwa akitalii na mkewe, alianguka na ndege karibu na maporomoko ya Murchison, akaokolewa, akaletwa kwa mashua hadi Butiaba, akapandishwa ndege nyingine, nayo ikawaka moto pale pale ikijaribu kuruka. Magazeti yakatangaza kifo chake akiwa hai. Faini ya parkingi, angalau, hakutozwa.

Miji mingine ya matembezi yangu haina mengi. Komanda, pale barabara ya kitaifa namba 4 inapokutana na namba 27, nilikabidhiwa mtoto wa shule na jina la shangazi yake. Iga-Barrière, mji wenye bariera hadi kwenye jina, ndipo pekee nilipopita bila kuulizwa neno. Mvua ilikuwa inanyesha. Mahagi nilifika saa sita, nikavuka mpaka hadi Goli, ambako ilikuwa saa saba tayari na kila mtu anaendesha kushoto, nikarudi upesi kuichukua saa yangu.

Lakini sura ya yule askari wa kwanza bado inanirudia, na hasira zikinipungua namwelewa. Vita vilianza hapa mwaka 1999. Bogoro, pale nilipofungiwa jogoo, ndipo palipovamiwa tarehe 24 Februari 2003, na kwa shambulio hilo Germain Katanga alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2014. Desemba 2017 vikaanza tena upande wa Djugu, na Mei 2021 jimbo likawekwa chini ya état de siège, yaani utawala wa kijeshi. Kwa miaka yote hiyo, Bunia tumejifunza kusoma magodoro. Godoro moja juu ya pikipiki ni mtu anayehama nyumba. Magodoro matano yakija kutoka upande mmoja, na sufuria zimefungwa juu yake, na watoto katikati, unajua ni upande gani usiende wiki hiyo. Wenye magodoro hayo wako kambini Kigonze chini ya mahema, hawakutembea. Kijana aliyezaliwa mwaka vita vilipoanza ni mtu mzima sasa, na huenda hajawahi kuona mtu anayepita barabarani kwa sababu tu kuna jua zuri. Naye akivaa gwanda na kupewa kamba ya kushika, ataniona mimi kuwa kitu gani?

Hadi hapo namwelewa. Ninachoshindwa kukielewa ni kwamba mwenye bunduki ya kuchoma vijiji hapiti kwenye kamba. Anapita porini. Kamba inamkamata anayesimama kwenye kamba, yaani mama mwenye maharage, na inamkamata kila asubuhi. Kila bariera iliyo kati ya shamba na ziwa imo ndani ya bei ya maharage yanayoliwa Kasenyi, na tena imo ndani ya bei ya samaki anayepanda Bunia jioni. Nimetafuta barabarani kitu kilichotengenezwa kwa fedha hizo, hata shimo moja lililofukiwa. Mashimo ninayoyajua mimi hufukiwa na watoto wenye jembe, nao pia wanaomba mia mbili, na hao nawapa kwa moyo mmoja kwa sababu angalau jembe naliona.

Safari ijayo nataka iwe ya kaskazini: Aru, kisha Ariwara, polepole, nikilala njiani. Nimeamua kufuata ule ushauri wa askari. Jirani yangu hapa Rwambuzi ameniazima nusu gunia la maharage, la kubeba tu kwa ajili ya sura, nilirudishe likiwa zima. Tulipatana hivyo Jumapili. Jumatatu habari ilikuwa imeruka ukuta. Mke wa mwalimu anataka vitenge vya Ariwara, amenipa fedha kwa shilingi za Uganda na amezihesabu mbele yangu, kisha amezihesabu tena. Mchungaji ana bahasha ya Mahagi. Binti wa nyumba ya kona anataka nimpelekee shemeji yake chaja, na nimwulize kwa nini hapokei simu, lakini nimwulize vizuri. Jirani mwenyewe amebadili mawazo: maharage yasirudi, niyauze Aru, tena nisikubali bei ya kwanza.

"Na kurudi?" akaniuliza jana, akiwa ameegemea ukuta.

"Kurudi narudi mtupu. Natembea."

"Basi vizuri. Mjomba wangu yuko Ariwara, ana friji."

Nikafungua mdomo kumwambia kwamba mimi si motari. Nikajikuta namwuliza friji hiyo ina urefu gani, na kauchu atatoa nani.